"Angani si kuna baridi tayari?" Hapana, jamani

Nafundisha fizikia hapa Mtwara, na jioni nikipata nafasi naweka darubini ndogo Shangani kwa yeyote anayetaka kuuona Mwezi. Mazungumzo yakifika kwenye James Webb, darubini iliyorushwa angani, wanafunzi, wazazi, hata walimu wenzangu huleta lilelile: "Mwalimu, huko juu si kuna baridi tayari? Hela zote zile za kuipoza za nini?"

Ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa kama angani, halipozi kitu. Joto husafiri kwa mpitisho (vitu kugusana), myuko (hewa au maji yanayosogea) na mnunurisho (miale). Angani hakuna hewa wala kitu cha kugusana nacho, kwa hiyo njia mbili za kwanza hazipo. Unabaki mnunurisho, nao hauna haraka. Chupa ya chai ina ombwe kati ya kuta zake kwa sababu hiyohiyo: chai ya alfajiri unaikuta saa nne bado ya moto. Kitu kilichoachwa juani huko juu kinapokea karibu wati 1,360 kwa kila mita ya mraba, bila wingu la kukisitiri. Upande unaotazama Jua unapata moto, haugandi.

Na kila chenye joto hutoa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Kitu chenye nyuzi 28, joto letu la kawaida, hung'aa zaidi kwenye mawimbi ya karibu maikromita 10 (maikromita ni sehemu ya milioni ya mita). Kifaa cha Webb kiitwacho MIRI kinatazama maikromita 5 hadi 28. Darubini ikiwa na joto la Mtwara inajimulika yenyewe, na mwanga wa galaksi ya mbali unapotelea humo humo.

Ndiyo maana ikabebeshwa ngao ya Kapton, plastiki nyembamba inayostahimili joto, yenye tabaka tano, mita 21 kwa 14. Tabaka zimeachanishwa makusudi ili joto litokee pembeni kabla ya kufikia tabaka linalofuata. Upande wa jua unapita nyuzi 80, upande wa kivuli ni kama hasi 233. Hata hapo MIRI hairidhiki: inataka chini ya kelvini 7, yaani kama nyuzi hasi 266, ikafungiwa mashine yake ya kupoza kwa heliamu. Anayebisha aniambie kwa nini IRAS, darubini ya infraredi iliyorushwa angani 1983, iliacha kazi baada ya miezi kumi, heliamu yake ilipokwisha.

Baridi hiyo inasumbua hata kiwandani. Vipande 18 vya kioo kikuu ni vya metali ya beriliamu, na beriliamu ikipoa hujikunja kidogo. Mafundi walivipoza, wakapima vinavyojikunja, kisha wakavisugua vikae vibaya kwenye joto la chumba ili vikae sawa kwenye baridi. Mwaka 2017 darubini yenyewe, vioo pamoja na vifaa vyake, iliingizwa kwenye chumba cha ombwe mjini Houston, kile kilichojengwa enzi za safari za Apollo za kwenda Mwezini, ikapozwa kwa naitrojeni iliyo kimiminika pamoja na heliamu kwa miezi. Kimbunga Harvey kiliwakuta humo, kazi haikusimama.

Kwa walimu wenzangu: futeni neno "baridi" mnapofundisha sura hii. Mwanafunzi aulizwe kila mara joto linatoka kwa njia gani. Nusu ya maswali haya yatakwisha darasani.

Madai mengine ninayoyasikia nayapitia haraka.

"Waliijaribu Webb miaka na miaka kwa sababu hawakujua kazi." Darubini ya angani ya Hubble ilirushwa 1990 na kioo kilichosuguliwa vibaya kwa sababu kifaa cha kukipimia kilikosewa. Wanaanga waliweza kuifuata na kuirekebisha Desemba 1993. Webb iko kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani, hakuna fundi wa kwenda huko. Mwaka 2018, baada ya jaribio la kelele kubwa, skrubu na washa zilikutwa zimedondoka. Heri zilidondoka duniani.

"Imepelekwa mbali ili iwe karibu na nyota." Nyota ya jirani kabisa baada ya Jua iko zaidi ya miaka 4 ya nuru. Kilomita milioni 1.5 hazipunguzi kitu. Kule Jua, Dunia na Mwezi vyote hukaa upande mmoja, ngao moja ikavikinga vyote. Pia mvuke wa hewani hunyonya infraredi nyingi, na anayeijua hewa ya Lindi mwezi wa tatu hahitaji maelezo.

"Dhahabu iliyopakwa kwenye vioo ni mbwembwe." Ni gramu 48 hivi kwa kioo chote cha mita 6.5. Dhahabu huakisi infraredi vizuri mno, basi.

"Picha zimepakwa rangi." Ndiyo, zimepakwa, kwa utaratibu: mawimbi marefu hupewa nyekundu, mafupi buluu. Jicho halioni infraredi, ulitaka waoneshe nini?

Na wanaoniuliza kama inachungulia gesi yetu ya Mnazi Bay: haiwezi. Ikigeukia Dunia, Jua nalo litaingia moja kwa moja kwenye vifaa vyake.