Alama ya +P kwenye Kitako cha Risasi: Mambo Anayopaswa Kujua Mwenye Leseni ya Silaha

Kila mwenye leseni ya bastola hapa Nairobi, kabla ya kujaza magazini, aigeuze risasi na kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye kitako cha ganda. Akikuta alama ya +P, ajue kwamba ameshika risasi ya shinikizo kubwa, yaani ile ambayo gesi ya baruti yake husukuma kwa nguvu inayozidi kiwango cha kawaida.

Viwango vya SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi ya Marekani iliyoundwa mwaka 1926, vinaweka ukomo wa risasi ya kawaida ya milimita 9 kuwa pauni 35,000 kwa inchi mraba, na ya +P kuwa 38,500. Kwa .38 Special, risasi ya rivolva (bastola ya silinda inayozunguka), ukomo ni 17,000 na 20,000. Alama ya +P+ haina kiwango chochote cha SAAMI, nami simshauri raia kuitumia.

Hatari imejificha katika umbo. Ganda la .357 Magnum, risasi yenye nguvu zaidi iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, lilirefushwa kwa takriban milimita 3 makusudi lisiingie kwenye silinda ya .38 Special. Risasi ya +P haina kizuizi hicho: vipimo vyake vya nje havitofautiani na vya risasi ya kawaida, hivyo itaingia bila taabu hata katika bastola isiyoweza kuistahimili. Cheti unachopewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kinakuruhusu kumiliki silaha. Uwezo wa silaha hiyo utaupata katika kitabu cha mtengenezaji na, kwa baadhi ya bastola, katika maandishi yaliyo kwenye mtutu. Kitabu kisipotaja +P, hasa kwa rivolva kuukuu yenye fremu ya alumini, tumia risasi ya kawaida. Hata silaha iliyoidhinishwa huchakaa mapema, springi zake kwanza, ikilishwa +P kila siku ya mazoezi.

Ukiona ganda limepasuka au limevimba karibu na kitako, acha kufyatua. Vivyo hivyo mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, kwa sababu huenda kichwa cha risasi kimekwama mtutuni, na risasi inayofuata, hata iwe ya kawaida, inaweza kuupasua. Elekeza mtutu upande salama, subiri kidogo, toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, kisha mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni.