Msako na mapenzi milimani Mahale: dhana potofu na ukweli

Dhana: ndugu waliopotea wamejificha kileleni, na hakuna awajuaye.

Hii ndiyo inayoharibu simulizi nyingi za msako na mapenzi ambazo waandishi huzitunga kuhusu Mahale, milima iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, magharibi mwa Tanzania. Watongwe, wenyeji wa eneo hili, waliishi ndani ya milima ya Mahale, wakalima na kuzika humo. Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa miaka ya 1970 wa kuwakusanya watu vijijini, ikawahamishia wengi mwambaoni, na mwaka 1985 eneo likawa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 1,613. Kwa hiyo anayetafuta ukoo wake haanzi na panga na kamba. Anaanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, Buhingu, Katumbi au Kalilani, akitaja jina la babu, ukoo na walikozikwa wazee. Msako hukwama pale anapotaja jina la ubatizo au la shuleni, ambalo nyumbani hakuna aliyewahi kulitumia. Binti anayependwa na mhusika wako mfanye mjukuu wa mzee anayekumbuka majina ya zamani. Hapo mapenzi yatasukuma kisa, maana kila jina litakalotajwa linaweza kuonyesha kwamba wawili hao ni wa damu moja, na msomaji hatalala.

Dhana: gari linawafikisha chini ya mlima.

Ndani ya hifadhi hakuna barabara. Watu hutembea kwa miguu. Kutoka Kigoma mjini wahusika wapande boti, zaidi ya kilomita 120 kuelekea kusini. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi unalikabili boti usoni, mawimbi yanamwagika ndani, na injini inakunywa mafuta kuliko hesabu ya nahodha. Ukitaka wakwame usiku ziwani, mafuta yaishe. Jini wa ziwa hahitajiki.

Dhana: Nkungwe, mlima mrefu kuliko yote ya Mahale, unapandwa asubuhi, jioni umerudi.

Kilele kiko mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, ziwa takriban mita 770. Wape siku mbili au tatu, mwongozaji, askari wa hifadhi mwenye silaha, na nguo za baridi. Wakati wa mvua njia zinateleza.

Dhana: sokwe ndio tishio.

Tishio kubwa linatoka kwetu, kwa kuwa mafua ya binadamu yanaweza kuwaua. Mgeni huvaa barakoa, hukaa umbali wa mita 10, na mgonjwa haruhusiwi kuwakaribia. Mhusika aliyeshikwa na mafua botini atabaki kambini, na mpenzi wake ataingia msituni bila yeye.