Ukienda kuhubiri kwa Wabuddha, beba picha ya mama yako

Familia inapoletwa kwangu hapa Malindi kujiandaa kwenda kutumika Japani, siku ya kwanza sifungui Biblia wala kitabu cha lugha. Nawapeleka kwenye kile kikanisa cha Wareno karibu na bahari, chenye paa la makuti na makaburi ubavuni. Watoto wanakimbizana, sisi wakubwa tunakaa kivulini, nami naanza na habari ya msafiri mmoja.

Mwaka 1542 Francis Xavier, ambaye ndugu zetu Wakatoliki wanamwita Mtakatifu Fransisko Ksaveri, alitia nanga Malindi akielekea Goa. Mtu mmoja wa meli yao alifia hapa, akazikwa hapa. Katika barua aliyoiandika mwaka uleule, Xavier anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima zake mjini alimuuliza kama makanisa ya kwao hujaa watu, maana Malindi ilikuwa na misikiti 17 na ni mitatu tu iliyokuwa na waumini, tena wachache. Miaka saba baadaye, tarehe 15 Agosti 1549, mtu huyohuyo alishuka Kagoshima, kusini mwa Japani. Nami Kagoshima nimeishi miaka 9, na mume wangu na watoto wetu wawili.

Xavier hakwenda peke yake. Alikuwa na Anjiro, mwenyeji wa Kagoshima, waliyekutana Malaka, bandari iliyo Malaysia ya leo. Walipofika, watu wa kwanza kuipokea imani walikuwa mama yake Anjiro, mke wake, binti yake na jamaa zake. Yaani nyumba nzima. Naomba wanafunzi wangu walishike hilo, kwa sababu baada ya hapo inakuja barua nyingine ya Xavier, ya Januari 1552, na hiyo huwa naisimulia kwa uzito. Anaandika kwamba Wajapani waliobatizwa walikuwa wakilia. Walitaka kujua wazazi wao waliokufa bila kusikia habari za Kristo wako wapi, na kama sadaka na sala zao zingeweza kuwatoa huko. Aliwajibu kwamba hakuna njia. Naye anakiri kwamba machozi yao yalimuumiza.

Hilo ndilo swali. Miaka karibu 500 imepita na bado ndilo swali.

Ukisoma vitabu kabla ya safari utafundishwa Kweli Nne na Njia ya Mambo Manane, mafundisho ya msingi ya Buddha. Zisome, ni heshima kwa mwenyeji wako. Lakini mimi katika miaka yangu yote hakuna jirani aliyekaa jikoni kwangu akanizungumzia Kweli Nne. Walichozungumza ni baba, mama, kaburi, na nani atalisafisha. Ubuddha niliokutana nao mtaani hauko kichwani mwa mtu mmoja mmoja. Uko nyumbani, na una kabati lake.

Hilo kabati linaitwa butsudani. La jirani yangu, bibi wa miaka 80 na zaidi, lilikuwa jeusi kwa nje na la dhahabu kwa ndani, limesimama chumba kizuri kuliko vyote. Katikati picha ya Amida, Buddha ambaye madhehebu yake humtegemea. Pembeni kitabu kidogo chenye majina ya marehemu wa ukoo. Juu ukutani, picha ya mumewe amevaa suti. Kila asubuhi bibi alifungua milango, akaweka wali wa kwanza kutoka sufuriani kwenye kibakuli cha shaba kisichozidi kikombe cha kahawa. Kisha alichukua kijiti cha ubani, akakivunja vipande viwili, akavilaza juu ya majivu. Watu wa madhehebu yake hawakisimamishi, wanakilaza. Akagonga kengele ndogo, sauti ikatambaa mpaka ikaisha yenyewe. Halafu ndipo akanywa chai.

Kwa nini imani ikawa ya nyumba namna hii? Sehemu kubwa ni historia. Ukristo ulipigwa marufuku Japani yote mwaka 1614, na katika karne hiyo serikali ikataka kila nyumba iandikishwe kwenye hekalu la Kibuddha, hekalu lithibitishe kwamba hawa si Wakristo. Mbao za matangazo ya marufuku ziliondolewa mwaka 1873 tu. Kwa hiyo hekalu lilikuwa daftari la ukoo: kuzaliwa, kuoa, kuzikwa. Leo Wakristo ni kama asilimia 1 ya nchi, na watu wakishangaa kwa nini ni wachache hivyo huwa nawaambia waanze kuhesabu kutoka hapo.

Lakini kuna jambo jingine ambalo sikulijua mpaka bibi aliponieleza, na lilininyamazisha. Kagoshima ilikuwa chini ya watawala wa Satsuma, nao kwa karibu miaka 300, hadi 1876, waliyakataza hata madhehebu ya Kibuddha ya bibi huyu. Wazee wa ukoo walikuwa wakisali kwa siri mapangoni. Mimi nilikuwa nimebeba hadithi za Wakristo waliojificha Nagasaki, nikidhani ni sisi tu tulioteswa kwa ajili ya imani katika nchi ile. Kumbe nilikuwa nimeketi sebuleni kwa mjukuu wa watu waliojificha.

Sasa nyumbani kwako. Mtihani wa kwanza ni chakula. Ukimpelekea jirani keki, hawezi kuila mbele yako. Ataiweka kwanza kwenye butsudani, mumewe aipokee. Siku ya pili au ya tatu anaishusha, anakugawia. Watoto wangu walirudi na vipande viwili vya keki wakisema, "Mama, babu wa ukutani ameshamaliza kula." Mume wangu alifungua 1 Wakorintho 10. Paulo anasema kula unachoandaliwa bila kuuliza, lakini mtu akikwambia kimetolewa sadaka, usile. Na tulikuwa tumeambiwa. Mimi nikasoma mbele kidogo, pale anaposema ni kwa ajili ya dhamiri ya yule mwingine. Tulibishana wiki nzima, kwa sauti ya chini usiku, na siwadanganyi, ubishi ule ulituchosha kuliko lugha. Mwisho tulimuuliza mchungaji wetu Mjapani, mzaliwa wa nyumba yenye butsudani. Alisema yeye hula, humshukuru Mungu kwa sauti, lakini hafumbi mikono mbele ya kabati. Na msibani huweka ua mahali pa ubani. Tukashika hivyo. Mume wangu alianza kula mwaka wa tatu. Sikumharakisha, na nawashauri wake wenzangu msiwaharakishe waume zenu, wala wao wasiwaharakishe ninyi.

Shule sina mengi. Watoto watafumba mikono na kusema "itadakimasu" kabla ya chakula. Ni shukrani, waache waseme. Jambo gumu ni mazoezi ya michezo Jumapili. Mwanangu alikosa mechi nyingi kwa ajili ya ibada, akaumia, na nikirudi nyuma leo ningemruhusu baadhi.

Narudi kwa wafu, kwa sababu hapo ndipo sisi watu wa pwani tuna kitu ambacho wamishonari wengi hawana. Mimi ni Mgiriama. Kwa babu yangu kulikuwa na vigango, zile nguzo za mti zilizochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya wazee waliofariki wa Gohu, chama cha siri cha wazee wetu, na nimekulia kwenye maneno ya koma, yaani roho za wafu wa ukoo: koma amekasirika, koma amemtokea shangazi ndotoni, koma anataka tembo la mnazi. Kanisani tulifundishwa kwamba hayo ni mambo ya shetani, yakaishia hapo, na hakuna aliyekaa nasi kutuambia basi tumfanyie nini babu. Vigango vingi vimeibwa makwao na kuuzwa kwa watalii na majumba ya makumbusho ya ng'ambo. Nimeona mzee analia mbele ya shimo lililobaki. Ukiwa umeona kilio kile, huwezi kuingia nyumba ya Mjapani ukaliita kabati lake fanicha.

Bibi aliniuliza mwaka wa nne. Hakuuliza mbinguni ni wapi. Aliuliza: "Nikimfuata Yesu wako, asubuhi nani atamfungulia mume wangu mlango?" Sikuwa na jibu la haraka, na nashukuru sikulitunga. Nilimwambia kwamba Abrahamu aliwahi kumuuliza Mungu kama mwamuzi wa dunia yote anaweza kukosa kutenda haki, na mimi naegemea hapo kwa habari ya babu yangu mwenyewe. Alitikisa kichwa taratibu. Akaniuliza, "Na wewe, wako unawaweka wapi?"

Nilitazama kuta zetu. Kulikuwa na kalenda, msalaba na ramani ya Afrika. Hakuna hata sura moja ya mtu wetu. Kwa macho yake tulikuwa watu wasio na wazazi, tuliokuja kuwashawishi wengine wawaache wao. Hakuna mahubiri yanayoweza kupita juu ya ukuta wa namna hiyo.

Mwaka wa sita mama yangu alifariki hapa Malindi. Nauli haikupatikana kwa wakati na alizikwa bila mimi. Matanga yote niliyafuata kwa simu: sauti za akina mama, mara mtandao unakatika, mara narudishwa wanapika. Nilichapisha picha yake dukani, ile aliyojifunga leso ya njano, nikaitundika sebuleni.

Siku ya tatu bibi alibisha hodi. Amevaa nguo nyeusi, mkononi machungwa na pakiti ya ubani. Aliitazama nyumba, akitafuta pa kuuweka. Nilimwambia sisi hatufukizi, lakini aje akae nami. Alipiga magoti kwenye mkeka mbele ya picha, mgongo umenyooka, na uzee wake ule. Mume wangu aliwaita watoto, tukaimba tenzi mbili za Kiswahili alizozipenda mama, tukamshukuru Mungu kwa ajili yake. Bibi hakuelewa neno hata moja. Tulipomaliza aliweka machungwa chini ya picha, akaniuliza mama yangu alikuwa anaitwa nani. Nikamtajia. Akalirudia jina mara tatu, polepole, mpaka likamkaa mdomoni.