"Ute wa goti umeisha": tunayoambiwa kuhusu mazoezi tiba, na ukweli wake

"Mwanangu, goti langu limeisha ute, nimeambiwa nisitembee." Maneno haya nayasikia kila mara katika kazi yangu ya fiziotherapia hapa Dar es Salaam, na yananiuma kuliko mengine yote. Anayeyaamini hukaa, paja linanywea, na goti linazidi kuelemewa.

Ukweli ni kwamba gegedu la goti, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute huohuo: ukikanyaga hubanwa, ukiachia hunyonya, kama sponji. Misuli ya paja ikiwa imara inalipunguzia goti mzigo. Ndiyo maana tiba ya magoti yaliyosagika huanza na mazoezi, na kupunguza uzito kwa aliyezidi.

Mmoja wa walioniambia maneno yale ni mama muuza vitumbua wa Temeke, ambaye hakuweza kunyanyuka kwenye kigoda chake bila kushika ukuta. Kwanza nilimpima: ndani ya sekunde 30, akiwa amekunja mikono kifuani, alinyanyuka kitini mara nne. Tukaweka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu kidogo. Anyanyuke mara nane, apumzike, arudie hadi mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Ilipokuwa rahisi tukaondoa mto, kisha akakumbatia dumu la lita tano lenye maji nusu. Wiki ya nane alifika mara kumi na moja.

"Nipe karatasi ya mazoezi, nitafanya nyumbani."
Karatasi ya nani? Dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu na mama yule wote wanaumwa goti, lakini dozi zao hazifanani. Zoezi lina kiasi, marudio, siku, na wakati wa kuongeza. Kuongeza mzigo hatua kwa hatua si jambo jipya: mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alichapisha njia hiyo baada ya kuitumia kwa askari majeruhi. Programu isiyobadilika kwa miezi mitatu, kwangu, haijapangwa.

"Ukisikia maumivu, acha."
Si lazima. Kwa goti lililosagika, maumivu yasiyozidi 5 kati ya 10 (0 ni hakuna maumivu, 10 ni makali kupita yote), yanayotulia kufikia kesho yake, yanavumilika. Yakibaki au goti likivimba, punguza dozi.

"Mzee haongezi nguvu."
Utafiti wa Marekani wa mwaka 1990 uliwapa wazee wa miaka 86 hadi 96 mazoezi ya uzito kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu.

"Mgongo ukiuma, lala."
Maumivu ya kawaida ya mgongo hupona vizuri zaidi ukiendelea na shughuli unazozimudu. Lakini miguu ikilegea, mkojo ukikushinda, au ukifa ganzi sehemu za siri, usifanye zoezi lolote. Nenda hospitali siku hiyohiyo.