Kabla ya Kumwokoa Mfalme Philip: Ufafanuzi kwa Waandishi wa Historia Mbadala

Tangu kitengo chetu kianze kupokea kazi za historia mbadala, yaani simulizi za kubuni zinazouliza ingekuwaje kama tukio la kweli lingekwenda vingine, kuhusu kifo cha Philip wa Pili, mfalme wa kale wa Makedonia na baba yake Alexander Mkuu, mwitikio umekuwa mkubwa na tunaushukuru. Hata hivyo, baadhi ya walimu wametulalamikia, na malalamiko yao ni ya haki: wanafunzi wanasoma simulizi za kubuni, kisha wanazijibia mtihani kana kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ndiyo sababu ya ufafanuzi huu.

Tukio lenyewe halina utata. Mwaka 336 KK, mjini Aegae huko Makedonia, katika sherehe za harusi ya binti yake Cleopatra, Philip alichomwa jambia na Pausanias, mlinzi wake mwenyewe, wakati akiingia kwenye ukumbi wa maonyesho. Mwandishi ana ruhusa ya kulifanya jambia likose. Lakini akishabadili hilo, asibadili lingine kwa kupenda tu. Mengine yote yatokane na hilo.

Kwa hiyo kila kazi itanguliwe na tamko fupi linalotaja tukio lililobadilishwa, mahali na mwaka wake. Tamko likikosekana, kazi itarudishwa bila kusomwa na mwandishi atapewa wiki mbili kulileta. Muda huo ukipita, kazi itahesabiwa kuwa imeondolewa. Ikirudi mara ya pili na kosa lilelile, haitapokelewa tena katika awamu hii. Mwandishi atakayebuni nukuu na kuwatwika waandishi wa kale kama Diodorus au Plutarch, kazi yake itaondolewa hata kama imeshachapishwa, naye atasubiri awamu inayofuata. Masharti haya hayalengi kumkomoa mtu. Yanamlinda msomaji.

Sasa suala la “mrithi halali”. Tumelieleza mara nyingi, na bado linajitokeza karibu kila wiki. Makedonia haikuwa na sheria inayompa kiti mtoto wa kwanza wa kiume. Philip mwenyewe ni ushahidi. Mwaka 359 KK kaka yake, Perdiccas wa Tatu, aliuawa vitani na Waillyria, majirani wa Makedonia, pamoja na askari wapatao 4,000, akaacha mtoto mdogo aitwaye Amyntas. Mtoto akawekwa kando, na baba yake mdogo akatawala mpaka siku ya jambia. Mfalme alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme aliyekubaliwa na wakuu na jeshi, basi.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini saa za kwanza baada ya mauaji zilikuwa na uzito mkubwa kuliko wosia wowote. Antipater, mmoja wa wakuu wa Philip, alisimama upande wa Alexander, mwana wa Philip, kijana wa miaka 20, mbele ya Wamakedonia. Mtu mwingine wa jina hilo, Alexander wa Lyncestis, aliharakisha kumtambua kuwa mfalme, na hilo likamwokoa kwa wakati ule. Ndugu wawili wa huyo wa Lyncestis, Heromenes na Arrhabaeus, waliuawa kwa tuhuma za kushiriki njama. Amyntas naye akauawa. Attalus, jemadari aliyekuwa Asia na jeshi la utangulizi, alifuatwa na kuuawa hukohuko.

Kuhusu hukumu, tafadhali acheni kuweka mawakili na mahakimu mjini Aegae. Curtius, mwandishi wa kale wa Kirumi, anaeleza kwamba katika kesi za kifo mfalme alishtaki na jeshi ndilo lililohukumu, na wakati wa amani ilikuwa kazi ya watu. Adhabu ilikuwa kupigwa mawe au mikuki, na kwa desturi ndugu wa damu wa waliokula njama dhidi ya mfalme nao walistahili kufa. Mwandishi anayemwokoa Philip aseme ndugu za Pausanias wamefanywa nini.

Swali tunalolipenda zaidi ni la urithi. Wengi wanaandika kwamba Philip angemnyima Alexander kiti na kumpa mtoto wa mke wake mpya, ndugu wa damu wa Attalus. Hesabu inakataa. Mtoto wa kiume ambaye angezaliwa mwaka 335 KK angefikisha miaka 20 baba yake akiwa na miaka 67 hivi. Arrhidaeus, mwana mwingine wa Philip, hakuonekana kuwa na akili timamu ya kutawala. Aliyebaki ni Amyntas yuleyule, sasa mtu mzima, tena mume wa Cynane, binti wa Philip. Inasikitisha kwamba karibu hakuna anayemtaja. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye hadithi nzuri kuliko zote.

Je, Philip angefika India kama alivyofika Alexander? Sidhani. Mwaka 346 KK Isocrates, mwandishi wa hotuba wa Athens, alimshauri aichukue Asia kutoka Kilikia mpaka Sinope, iwapo himaya nzima ya Uajemi ingemshinda. Baadaye Dario wa Tatu, mfalme wa Uajemi, alipojitolea kumwachia Alexander ardhi yote mpaka Mto Frati, Parmenion, jemadari wa Philip, alisema angekuwa Alexander angekubali. Wazee wa kizazi kile walijua pa kuishia. Lakini kubaki nyumbani pia hakukuwezekana: Arrian, mwanahistoria wa kale, anaandika kwamba Philip aliacha hazina isiyozidi talanta 60 na deni la talanta 500. Jeshi lile lilihitaji nyara.

Kumhusisha Olympias, mama yake Alexander, na njama kunaruhusiwa, kwa kuwa tuhuma hizo zimo kwa Plutarch na Justin, mwandishi mwingine wa kale. Ila mwandishi aoneshe pia kwamba mwanafalsafa Aristotle, aliyeishi karibu na familia ile, anataja kisasi binafsi cha Pausanias kwa udhalilishaji aliofanyiwa na watu wa Attalus.

Mwisho, kaburi la pili la Vergina, mahali ilipokuwa Aegae, lililofunguliwa na mwanaakiolojia Manolis Andronikos mwaka 1977, lisitumiwe kama ushahidi wa jinsi Philip alivyokufa. Wataalamu bado wanabishana kama mifupa ile ni yake au ya Arrhidaeus. Kazi zinazolitegemea zitarudishwa kwa masahihisho, kwa utaratibu uleule wa wiki mbili.