Albamu Isivunjwe

Wiki jana mama mmoja kutoka Luanda ya Vihiga alinijia hapa Kisumu na kikapu chenye albamu tatu. Marehemu mumewe alikuwa mpishi katika chuo cha ualimu cha Siriba, pale Maseno, akaendelea kupika chuo kilipoingizwa katika Chuo Kikuu cha Maseno. "Mwanangu," akaniambia, "nitolee zile za mahafali, watoto wazipate kwenye simu. Hizo zingine ni za jikoni tu."

Nilimwomba tukae kwanza, tufungue ukurasa baada ya ukurasa, tusitoe kitu.

Kazi yangu ni kuhifadhi picha za zamani, na ombi hilo nalisikia karibu kila mwezi. Watu huona albamu kama kapu la maembe: unachagua yaliyoiva, mengine unaacha. Mimi naiona kama barua ndefu. Aliyeibandika alichagua picha ipi itangulie na ipi ikae ubavuni mwa nyingine. Katika albamu ya pili ya mzee yule kuna ukurasa ambapo wanafunzi wamepanga foleni bwaloni, sahani mikononi. Picha ya pili yake ni lori linaloshusha magunia ya mahindi, na nyuma yake ameandika kwa penseli, "Ya shemeji." Zitenganishe, utabaki na foleni na lori. Ziache pamoja, utajua chuo kilikula kutoka shamba la nani. Albamu rasmi za vyuo hujaa wageni wa heshima na majoho, na mambo kama haya huyapati humo.

Nasema haya nikiwa na jeraha langu. Miaka ya mwanzo ya kazi, katika ofisi moja, nilipewa albamu nne za mhadhiri mstaafu. Nilizibandua picha zote nikazigawa kwenye bahasha: michezo, majengo, wageni, sherehe. Nilijiona nimepanga vizuri. Mwanawe alipokuja kuuliza picha ipi ilifuata ipi, sikuwa na jibu, na hadi leo hakuna mtu anayeweza kulipata. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa picha yoyote, napiga picha ya kila ukurasa ukiwa mzima, pamoja na jalada, na kuupa namba.

Adui mkubwa wa albamu za miaka ya 1970 na 1980 ni zile kurasa zenye mistari ya gundi na plastiki ya kufunika juu. Zilipendwa kwa sababu hazikuhitaji pembe za kubandikia, vile vikaratasi vidogo vinavyoshika kona za picha. Lakini gundi ile hugeuka manjano na kung'ang'ania mgongo wa picha, na plastiki nyingi za aina hiyo hutoa kemikali zinazoila picha taratibu. Usivute picha kwa kucha. Mimi hupitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake, kama msumeno, polepole, kutoka kona moja. Ikikataa, naiacha palepale na kuiskani ikiwa ukurasani. Picha iliyokwama bado ni picha, iliyochanika hairudi.

Albamu kongwe, zenye karatasi nyeusi na pembe, huwa zimestahimili zaidi. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 nyingi zimekuwa nyekundu hata zilizofungiwa gizani, maana rangi ya samawati ndiyo hufifia kwanza. Za nyeusi na nyeupe hupata mng'ao wa fedha pembezoni, na kweli ni fedha: ndiyo iliyotengeneza picha yenyewe. Huku kwetu ziwani unyevu ni mwingi, kwa hiyo usiweke sanduku sakafuni wala kuliegemeza kwenye ukuta wa nje. Andika nyuma kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino. Ukiskani, tumia nukta 600 kwa inchi (dpi) na uhifadhi faili ya TIFF, aina isiyopunguza ubora wa picha. Hiyo ya kutuma WhatsApp ni nakala tu. Skani na mgongo pia.

Tarehe huwa haikuandikwa, lakini picha yenyewe husema. Kibao cha lango kikitaja Maseno kama chuo kishiriki, uko miaka ya 1990, kwa kuwa kilifanywa chuo kikuu kamili mwaka 2001. Ndugu zetu wa Njoro wana ngazi zao: Egerton ilianza kama shule ya kilimo mwaka 1939, ikawa chuo cha kilimo mwaka 1950, na chuo kikuu kamili mwaka 1987. Gari lenye namba inayoishia na herufi halitangulii 1989. Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, ikiwa imefunikwa na magugu maji, picha haiwezi kuwa ya miaka ya 1970.

Majina ndiyo yanayonikosesha usingizi, kwa sababu hayo hayamo kwenye karatasi, yamo vichwani mwa wazee. Nimejifunza kutoanza na "Huyu ni nani?" Mzee akikosa jina huona aibu na kunyamaza. Naanza na "Hapa ni wapi?" Mahali hufungua mlango. Yule mama alipoona moshi wa jiko la kuni alicheka, akasema upande ule mlango ulikuwa haufungi, kisha wanawake watano waliosimama nyuma ya sufuria akawataja wote, mmoja mmoja, na kijiji alichoolewa kila mmoja. Simu yangu ilikuwa inarekodi. Saa mbili zikapita na za mahafali hatukuwa tumezifikia.

Mwishoni mwa albamu kongwe tulikuta pembe nne bila picha, na chini yake maandishi meupe: "Sisi sote, Krismasi." Mama alikumbuka picha ile aliichukua mkwewe, iko Kakamega. Kwenye orodha nimeandika ukurasa wa 32, picha ya pili, inasubiriwa, na Jumamosi tunaenda kuiomba.