504 ya Mombasa: isome kwanza, ndipo uipake rangi

Kila mpenzi wa Peugeot za zamani hapa Afrika Mashariki ana mshindi wake wa mashindano ya magari ya Safari. Wa Dar es Salaam atakutajia Bert Shankland na Chris Rothwell, walioshinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, modeli iliyotangulia 504. Wa Nairobi atamjibu kwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, 1963 na 1968, miaka ambayo magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho (1963 yalianza 84). Mganda akiwa karibu ataingiza Shekhar Mehta, aliyezaliwa kwao akashinda mara tano, ingawa zote kwa Datsun.

Ubishi huo ni mtamu, na haudhuru mtu mpaka uingie gereji. Hapo 504 ya stesheni wagoni, yenye viti vya safu tatu, iliyobeba abiria kati ya Nairobi na Kisumu miaka nenda rudi, inavuliwa kila kitu, inapakwa mistari ya mashindano na kubandikwa namba mlangoni. Lakini 504 iliyoshinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson ilikuwa saluni, na ile ya Jean-Pierre Nicolas ya 1978 ilikuwa kupe, ya milango miwili, yenye injini ya V6. Kwa hiyo stesheni wagoni yenye mistari ile haiigi gari lolote lililowahi kushinda. Ninachokiona ni gari lenye historia yake halisi limefutwa ili livae historia ya gari jingine.

Historia yake halisi ni hii: 504 nyingi za Kenya ziliungwa Mombasa, kutoka kwenye makasha ya vipande vilivyoletwa kwa meli, na kazi hiyo iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Si kila kitu kilitoka Ufaransa. Betri, rangi, springi, vioo na vitambaa vya viti ni miongoni mwa vitu ambavyo viwanda vya kuunga magari nchini vilinunua hapa hapa. Ndiyo maana kioo chenye chapa ya kiwanda cha Kenya kwenye kona si lazima kiwe kimebadilishwa. Huenda ndicho kilichotoka nacho kiwandani. Anayekitupa na kuagiza cha Ulaya ili gari liwe "orijino" amefanya kinyume.

Kabla ya kushika msasa, piga picha za vioo vyote na za lebo za mikanda na viti. Kisha fungua boneti, linganisha namba iliyopigwa kwenye bati la bodi na ile ya kibao cha kiwanda na ya logbook. Pitisha kidole juu ya namba: bati lililosagwa huwa na bonde dogo, hata likifichwa kwa rangi. Namba ya injini isipolingana, usishtuke sana. Injini zilibadilishwa kila siku, na hilo nalo ni sehemu ya maisha ya gari. Namba ya bodi isipolingana, achana nalo.

Namba za usajili pia husema. Kabla ya 1989 Kenya ilitumia herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi ya mwisho. Gari la miaka ya 1970 likiwa na namba ya mtindo wa baadaye, uliza kwa nini. Jibu mojawapo ni kwamba lilikuwa la serikali, lenye namba ya GK, likauzwa kwa mnada na kusajiliwa upya. Kwangua kidogo rangi mahali pasipoonekana, kama nyuma ya paneli ya mlango, uone kama tabaka za chini zina rangi nyingine.

Chini ya gari, stesheni wagoni halisi ina ekseli ya nyuma ya kipande kimoja na springi nne za koili, mbili kila upande. Urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni sentimeta 290. Saluni ni 274. Pima, kwa sababu kuna magari yaliyounganishwa kutoka mawili.

Sasa feni, ambayo ndiyo imeua injini nyingi za 404 na 504 kuliko barabara mbovu. Feni yake ina sumaku ya umeme: injini ikiwa baridi feni haivutwi, joto likipanda swichi hupeleka umeme kupitia brashi ya kaboni, sumaku inanasa na feni inazunguka. Brashi ikiisha au waya ukikatika, feni hulala na rejeta huchemka. Mafundi wetu walikuwa na dawa yake: kukaza zile skrubu tatu za kurekebishia nafasi ya sumaku mpaka feni ifungwe moja kwa moja. Ni mbinu nzuri ya kukufikisha nyumbani, ila wengi waliiacha hivyo maisha. Injini ikiwa imezimwa na ni baridi, zungusha feni kwa mkono. Ikigoma kujitenga na puli, imekazwa. Legeza skrubu, weka brashi mpya, jaribu swichi.

Silinda hedi ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma, na slivu (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) zimezungukwa na maji. Maji matupu ya bomba hula aluminiamu kuzunguka mashimo ya maji, kisha gasketi inaachia. Tumia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, mwaka mzima, hata kusikokuwa na baridi kali. Ukifungua hedi usizungushe injini kabla ya kuzibana slivu, maana zikiinuka, sili za chini huvuja na maji kuingia kwenye oili.

Giaboksi ya gia nne hutumia oili ya injini. Wanaotia ile nzito ya difu hulalamika gia ngumu asubuhi, halafu wanailaumu giaboksi. Kwenye difu ya 404 angalia zaidi: ina gurudumu la meno la shaba linalozungushwa na skrubu ya chuma, na oili za kisasa zenye salfa nyingi hula shaba hiyo. Kiwandani ilikusudiwa oili yenye asili ya mafuta ya mbarika. Difu ya 504 haina shida hiyo.

Ukikuta chujio cha hewa cha bakuli la oili, usiking'oe. Kiliwekwa kwa ajili ya vumbi letu. Jaza oili ya injini hadi kwenye alama tu. Ukizidisha, itavutwa ndani na gari litatoa moshi wa bluu. Tope la chini likifikia sentimeta 1, osha bakuli kwa mafuta ya taa na ujaze upya.

Kutu nayo huonyesha gari liliishi wapi. La Pwani huliwa kwanza kwenye mikunjo ya milango na fremu ya kioo cha mbele, kwa chumvi ya hewani. La bara huozea kwenye boksi za pembeni, chini ya milango, ambako udongo mweusi hukwama na kushika maji. Ng'oa vifuniko vya mpira sakafuni, ingiza mpira wa maji, na usianze kuchomelea mpaka yatoke meupe. Tope lililobaki ndani litatoboa bati jipya vilevile.